Wanaosema wamekutana na viumbe wa sayari nyingine: kwa nini tunawaadhibu kabla ya kuwauliza? (uzi mrefu)

Mwana wa Ikungi (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Mtu akisema ameona kitu angani asichokielewa, au zaidi ya hapo, kwamba amekutana ana kwa ana na viumbe wasio watu, jibu la kwanza analopewa ni "punguza bangi". La pili ni "kapimwe akili". Baada ya hapo hakuna anayemuuliza ilikuwa saa ngapi, upande gani wa anga, alikuwa na nani. Hilo linaniuma, na linaniuma hata kwa simulizi ambazo binafsi siziamini. Nitaeleza kwa nini, kwa kutumia watu ambao habari zao zimeandikwa na zinajulikana. Vuteni viti.

Naanza na Barney Hill. Jina lake wengi wamelisikia, alikuwa nani hawajui.

Barney alikuwa Mmarekani mweusi, mfanyakazi wa posta huko Boston, makazi yake Portsmouth, jimbo la New Hampshire. Mkewe Betty alikuwa mzungu, ofisa wa ustawi wa jamii. Wote wawili walikuwa wanachama wa NAACP, chama cha kupigania haki za watu weusi, na Barney baadaye aliingia kwenye kamati ya jimbo iliyokuwa ikiishauri Tume ya Haki za Raia ya Marekani. Sasa kumbukeni ulikuwa mwaka 1961. Ndoa kama yao ilikuwa kosa la jinai katika majimbo mengi ya nchi ile, na Mahakama ya Juu ilikuja kuzifuta sheria hizo mwaka 1967. New Hampshire haikuwa na sheria ya namna hiyo, lakini macho ya watu yalikuwepo.

Usiku wa Septemba 19 kuamkia 20, 1961, walikuwa wanarudi kutoka Kanada kwa gari, wanakatiza milima ya White Mountains, mbwa wao mdogo yumo ndani. Walisimama kula kwenye mgahawa mmoja mji wa Colebrook. Miaka zaidi ya miwili baadaye, daktari alipomhoji, Barney alikuwa bado anaukumbuka mgahawa ule: alivyoingia akikagua nyuso za waliokaa, akipima nani atamfanyia chuki. Yaani mtu huyu alikuwa amebeba hofu kabla hata hajaona taa yoyote angani.

Taa ikaja baadaye, barabarani. Wakaona inawafuata. Karibu na mahali paitwapo Indian Head, Barney akasimamisha gari, akachukua darubini, akashuka. Alisema aliona umbo kubwa lenye madirisha na nyuma ya madirisha viumbe wanaomtazama. Akarudi mbio kwenye gari akipiga kelele kwamba watatekwa. Walifika nyumbani alfajiri, wamechelewa kuliko walivyotarajia, mkanda wa darubini umekatika, viatu vya Barney vimechunika juu, gauni la Betty limechanika.

Walichofanya baada ya hapo ndicho kiini cha uzi huu. Betty alipiga simu kambi ya jeshi la anga ya Pease. Wakaeleza taa, wakaeleza chombo. Habari ya wale viumbe wa dirishani wakaificha, kwa sababu waliogopa kuonekana wamerukwa na akili. Barney alitaka jambo lote lisahaulike. Ni mwanaume anayefanya kazi ya serikali, mweusi katika jimbo la wazungu, mkewe mzungu, na anasimama mbele za watu kudai haki za wenzake. Akishaitwa kichaa, nani atamsikiliza tena akizungumzia nyumba na ajira?

Hakusahau. Vidonda vya tumbo vikazidi, wasiwasi ukazidi. Mwishoni mwa 1963 wakafika kwa Dkt. Benjamin Simon, daktari wa magonjwa ya akili wa Boston, na nusu ya kwanza ya 1964 aliwahoji kila mmoja peke yake kwa hipnosisi, ule usingizi wa kuongozwa na daktari. Huko ndiko ilikotoka simulizi nzima ya kupandishwa chomboni na kupimwa mwili. Betty tayari alikuwa ameota ndoto za namna hiyo siku chache baada ya safari na kuziandika. Dkt. Simon akahitimisha kwamba watu hawa hawasemi uongo na si vichaa, lakini habari ya kutekwa huenda ilizaliwa na ndoto za Betty, ikamwingia na mumewe.

Huyu daktari hakuamini chombo. Lakini aliwasikiliza kwa miezi, akawatibu, akawaheshimu. Inawezekana.

Oktoba 1965 gazeti la Boston Traveler likachapisha habari yao bila ridhaa yao. Waliwahi kuzungumza mbele ya vikundi vidogo, rekodi ikamfikia mwandishi. Kutoka hapo hawakuwa tena na uchaguzi wa kunyamaza. Barney alifariki Februari 1969 kwa kiharusi, ana miaka 46.

Nitaendelea. Wenye maoni karibuni.

Nahodha wa Pangani

Mkuu, umeandika vizuri na huruma yako naielewa. Ila usituache nusu njia. Wapo waliochunguza wakasema ile taa inalingana na taa ya mnara juu ya mlima Cannon, wengine wakataja sayari ya Jupita. Tena siku 12 kabla ya Barney kueleza macho ya wale viumbe kwa daktari, televisheni ya Marekani ilikuwa imeonyesha tamthilia yenye kiumbe wa macho ya namna hiyo hiyo. Tukianza kuheshimu kila simulizi, kesho tapeli ataanzisha kanisa la wageni kutoka Zuhura na ndugu zetu watauza viwanja kumpelekea sadaka. Kejeli nayo ina kazi yake. Inazuia ujinga.

Mwana wa Ikungi

Nahodha, hoja zako zote nazichukua. Mnara, Jupita, tamthilia, zote ni maelezo yanayostahili kupimwa. (Kuhusu tamthilia, Betty alisema hawakuitazama, lakini mtu anaweza kusimuliwa kazini.) Ila umeona hizo hoja zimepatikanaje? Kuna watu walikaa na simulizi, wakafuata barabara kilomita kwa kilomita, wakasoma rekodi za hipnosisi. Kejeli haijawahi kugundua mnara wa mlima Cannon.

Na kuhusu tapeli, mimi naona kinyume chako. Mtu aliyechekwa na mkewe, mchungaji wake na wafanyakazi wenzake anabaki na nani? Anabaki na yule mmoja anayemwambia "mimi nakuamini yote", na huyo ndiye mwenye kitabu cha kuuza au kikundi cha kumwingiza. Tunamsukuma wenyewe kisha tunashangaa kaishia wapi.

Mama Shani

Naomba kuuliza, hii tabia ya kucheka imeanzia wapi? Maana hata wazungu ambao tunaambiwa wanapenda sayansi wanacheka vilevile.

Mwana wa Ikungi

Dada, kucheka ni kwa binadamu wote, lakini Marekani kuna mahali palipoandikwa kabisa.

Julai 1952 rada za Washington zilionyesha vitu visivyoeleweka na magazeti yakalipuka. Januari 1953, CIA, shirika la ujasusi la Marekani, ikakusanya jopo la wanasayansi chini ya mwanafizikia H. P. Robertson. Walikaa siku chache tu. Hawakuona ushahidi wa hatari kutoka nje ya dunia. Hofu yao ilikuwa nyingine: taarifa za raia zikifurika, njia za mawasiliano ya ulinzi zitaziba, na Warusi wanaweza kuitumia nafasi hiyo. Wakapendekeza kampeni ya kuwapunguzia wananchi hamu ya mambo haya kupitia vyombo vya habari, hata kampuni ya Disney ikatajwa kama inayoweza kusaidia. Kwa hiyo serikali ilishauriwa rasmi kwamba jambo hili lishushwe hadhi machoni pa watu, na sababu ilikuwa usalama wa taifa.

Siwezi kusema kejeli yote ya leo imetoka kwenye jopo lile. Lakini tazama kilichofuata. Machi 1966 watu wengi wa Michigan waliripoti taa. Mwanaastronomia J. Allen Hynek, mshauri wa jeshi la anga, akataja gesi ya kinamasi kuwa maelezo yanayowezekana kwa baadhi ya matukio. Magazeti yakaligeuza neno hilo kuwa utani wa nchi nzima, na mashahidi wakaona wamedhalilishwa, kiasi kwamba Gerald Ford, wakati huo mbunge wa jimbo hilo, akadai Bunge lifanye kikao. Mradi wa jeshi wa kukusanya taarifa, Blue Book, ulifungwa mwaka 1969 ukiwa na taarifa 12,618, na kati ya hizo 701 hazikupata maelezo. Yaani nyingi mno zilielezeka. Hilo ni jambo la kujivunia, na lisingepatikana kama waliotoa taarifa hizo wangenyamaza.

Kwa marubani hali ni mbaya zaidi. Novemba 17, 1986, nahodha Kenju Terauchi alikuwa anaendesha ndege ya mizigo ya Japan Airlines juu ya Alaska. Aliripoti vitu vinavyofuatana na ndege yake, kisha akazungumza na waandishi wa habari. Akaondolewa kwenye urubani, akapewa kazi ya ofisini, akarudishwa angani miaka baadaye. Kuna wataalamu waliosema aliona sayari. Haya, tuseme aliona sayari. Rubani mwingine aliyeshuhudia adhabu ile, siku akiona kitu kweli mbele ya ndege yenye abiria 300, atafungua mdomo?

Hata serikali ya Marekani sasa inalikiri hilo. Ripoti ya ujasusi ya Juni 2021, iliyopitia taarifa 144, ilitaja unyanyapaa kuwa kikwazo cha kupata taarifa. Jopo la NASA, shirika la anga za juu la Marekani, lililoongozwa na David Spergel likasema hivyo hivyo Septemba 2023. Na siku ile ile ya kutoa ripoti, NASA ikatangaza kuwa imeteua mkurugenzi wa utafiti huu na mwanzoni ikakataa kumtaja jina, kwa sababu wajumbe wa jopo walikuwa wametukanwa na kutishiwa. Mtu wa NASA! Sasa mkulima wa Ikungi atafanyaje?

Dereva wa Tinde

Wakuu, mimi nimekaa kimya humu muda mrefu lakini mada hii imenigusa.

Niliendesha malori njia ya kati. Usiku mmoja, baada ya kupita Manyoni, mimi na tingo tuliona taa tatu zimetulia juu ya pori, hazina sauti. Nikazima injini ili nisikilize. Kulikuwa na nyenje tu, na harufu ya breki zangu. Zile taa zikaondoka kwa pamoja kuelekea kusini. Sijui zilikuwa nini. Sikuona kiumbe, sikutekwa, sikusikia sauti.

Nikafanya kosa la kusimulia kwenye kijiwe cha madereva. Kuanzia siku ile nikawa "Mzee wa Sayari". Mwanzo nilicheka nao. Halafu tajiri akaitwa pembeni akaambiwa dereva wako anaona vitu, atakuangushia gari. Nikaitwa, nikaulizwa kama natumia kitu. Tingo wangu, ambaye tuliona wote, mbele ya tajiri akasema yeye alikuwa amelala. Sikumlaumu, alikuwa na watoto. Lakini ile ndiyo iliyoniuma kuliko jina.

Mke wangu hajui habari hii mpaka leo.

Mwana wa Ikungi

Pole sana kaka. Umesema "sijui zilikuwa nini", na hakuna aliyekuacha uishie hapo. Asante kwa kuandika. Huyo tingo kukanusha ndiyo hasara ninayoisema: kulikuwa na mashahidi wawili, ukabaki peke yako.

Bint Wete

Assalaam aleikum. Mie wa Pemba. Nyinyi mwasema watu hunyamaza, lakini kwetu mwaka 1995 ilipokuja habari ya Popobawa, yule jini wa usiku, watu hawakunyamaza. Ilisemekana aliyejiwa usiku ni lazima aseme, asiposema atarudiwa. Watu walikuwa wakilala nje, mkeka kwa mkeka, moto umewashwa, wanaume kwa wanawake. Mamangu asema alijiona amebanwa kitandani, hawezi kupiga ukelele, na asubuhi hakuna aliyemcheka maana jirani naye alikuwa na la kusema. Kwa hivyo si kila pahala mtu huona haya.

Lakini nami niseme na ubaya wake. Ilipofika Unguja, mtu mgonjwa wa akili aliuliwa na kundi la watu kwa kudhaniwa ndiye. Kuamini bila kuuliza nako kuliua.

Mwana wa Ikungi

Waaleikum salaam dada. Hapo umenisaidia kuliko nilivyoweza kujieleza. Wanaocheka na wanaoamini kila kitu wote wanaruka hatua ile ile ya kuuliza.

Na umetaja kubanwa kitandani. Kukabwa na jinamizi kunafahamika kitabibu: ubongo umeamka, mwili bado umefungwa na usingizi, mtu anaona kivuli, anahisi kuna mtu chumbani, kifua kimelemewa. Baadhi ya Wamarekani wanaodai kutekwa wanaeleza usiku wa namna hiyo hiyo, ila wao wanaona viumbe wa kijivu. Richard McNally wa chuo kikuu cha Harvard na wenzake walitoa utafiti mwaka 2004: waliwasikilizisha watu wanaodai kutekwa simulizi zao wenyewe, huku wakipima mapigo ya moyo, jasho la ngozi na misuli ya uso. Miili yao iliitikia kama ya watu waliopitia vita au ubakaji. McNally haamini kwamba walitekwa. Alichopima ni kwamba hofu yao si maigizo. Kwa hiyo unapomcheka mtu huyo, unamcheka aliyejeruhiwa, hata kama aliyemjeruhi hayupo.

Nahodha wa Pangani

Hili la McNally nilikuwa silijui. Nakubali kurudi nyuma hatua moja. Lakini watoto je? Wale wa Zimbabwe wanaletwa humu kila mwaka kama ushahidi mkuu.

Mwana wa Ikungi

Shule ya Ariel, Ruwa, nje kidogo ya Harare. Ijumaa, Septemba 16, 1994, saa nne asubuhi, mapumziko, walimu wako kikaoni. Watoto wapatao 62, wa miaka 6 hadi 12, walisema waliona kitu kinachong'aa kimetua au kuelea kwenye kichaka nje ya mpaka wa uwanja, na mtu mmoja au zaidi mwenye mavazi meusi na macho makubwa. Wadogo wengine walilia. Walikuwa wamesikia habari za tokoloshe, zimwi dogo la simulizi za kusini mwa Afrika, wakadhani amekuja kuwala. Walimkimbilia mtu mzima aliyekuwa karibu, mama wa duka dogo la shule, naye hakuwaamini, hakuliacha duka lake.

Mkuu wa shule, Colin Mackie, hakuwapiga wala kuwafukuza. Waliambiwa wachore walichoona. Akaja Tim Leach wa BBC, akaja Cynthia Hind, mtafiti wa UFO, yaani vitu vya angani visivyotambuliwa. Sasa Nahodha, udhaifu upo na tuutaje: siku mbili kabla, kipande cha roketi ya Kirusi kiliungua juu ya kusini mwa Afrika na redio zikajaa habari za UFO. Hind aliwahoji watoto kwa vikundi, huyu anamsikia yule. Mmoja wao ukubwani alisema ni yeye aliyeanzisha uongo ule. Wengine wameendelea kushikilia walichokisema, na baadhi wameeleza kwamba walijifunza kutosimulia kabisa, hata kwa wenzi wao, kwa miaka.

Mwishoni mwa 1994 akafika John Mack, profesa wa magonjwa ya akili wa Harvard, mshindi wa tuzo ya Pulitzer ya 1977. Yeye mwenyewe alikuwa motoni. Chuo kilikuwa kimeunda kamati ya kumchunguza kwa sababu ya kazi yake na watu wanaodai kutekwa. Uchunguzi ulichukua zaidi ya mwaka, na 1995 akaruhusiwa kubaki na nafasi yake. Mimi naona Mack aliteleza. Alitegemea hipnosisi mno, na hipnosisi inaweza kumjengea mtu kumbukumbu. Lakini tazama video zake na wale watoto: anauliza, ananyamaza, anangoja. Wengi wao huenda hawakuwahi kupata mtu mzima mwingine wa kuwangoja hivyo.

Kama wangeulizwa mmoja mmoja asubuhi ile ile, kabla ya kengele ya kurudi darasani, leo tungejua mengi zaidi, iwe ni roketi, uongo wa mtoto, au kingine. Yule mama wa duka simlaumu peke yake. Yeyote kati yetu angefanya alivyofanya.

Mama Shani

Basi tuambie la kufanya. Mwanangu ana miaka 9, akinijia kesho na habari ya namna hiyo nimjibu nini?

Mwana wa Ikungi

Mpe karatasi kwanza, dada, kabla hajazungumza na ndugu zake. Aandike au achore peke yake. Muulize ulikuwa umesimama wapi, ulikuwa unatazama upande gani, kilikuwa juu ya mti gani, kilichukua muda gani kama tukihesabu pamoja. Usimtajie neno UFO, jini wala shetani. Acha atumie maneno yake. Kama alikuwa na mwenzake, mwenzake naye apewe karatasi yake, mbali. Kama ilikuwa kitandani, muulize kama aliweza kujigeuza.

Halafu angalia angani mwenyewe. Zuhura inang'aa sana jioni au alfajiri na huonekana kama inafuata gari. Satelaiti za Starlink zikiwa ndiyo kwanza zimerushwa hupita kwa mstari mmoja kama taa za treni, na wengi wanaziona Tanzania siku hizi bila kujua ni nini. Ratiba zake zinapatikana mtandaoni. Ukipata jibu, mwonyeshe mtoto, muangalie pamoja. Usipolipata, mwambie hujalipata.

Na Dereva wa Tinde, kama hutajali: ilikuwa mwezi gani, na zile taa zilikuwa juu ya upeo kwa kiasi gani ukinyoosha mkono na kupima kwa ngumi?

Dereva wa Tinde

Ngumi mbili, kaka, labda na nusu. Mwezi wa sita, baridi ya Singida unaijua. Zilikuwa upande wangu wa kulia, nikielekea Itigi. Ngoja nimtafute yule tingo, namba yake ninayo.